Masika ya Pampu Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na wifi amefika nayo. Sanduku moja, mwavuli uliovunjika mbavu, na kabla hajavua viatu ameniuliza, "Trela liko wapi?" Kana kwamba limeota miguu. Liko palepale nyuma ya nyumba alipoliegesha mwenzangu, magurudumu yamezama kwenye udongo, turubai limejaa majani.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, huku nyuma nitajiweka mwenyewe. Sina mazoea ya kuandika mambo yangu, lakini kukaa na wifi masika yote bila pa kutua mzigo, nitapasuka.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Amestaafu kituo cha pampu cha idara ya maji baada ya miaka thelathini na mmoja, na huko walimwita Mama Pampu. Sasa mwenye kitalu cha miche, mwendo wa nusu siku kutoka hapa, anataka mtu wa kuangalia pampu zake kiangazi chote, na akae hukohuko. Nyumba hakuna. Ndiyo maana ya trela: ni lile la kupigia kambi, magurudumu mawili, kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, na tangi la maji chini ya kiti. Kila kitu kizima isipokuwa maji, ambayo hayapandi vizuri. Mvua zikikatika litavutwa kwenda kitaluni na wifi ndani. Nimekubali. Ningekataaje? Lilikuwa la mdogo wake.

Kuna lingine, na nitaliandika mara moja ili nisilizunguke kila siku. Mwenzangu alifariki Mei mwaka jana, kwa moyo. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua nyuzi. Wifi alikuwa amekuja kututembelea, yuko jikoni anaosha vyombo, na mwenzangu yuko chumbani, hatua kumi. Fundi viatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimsikia akiita, "Dada! Dada!" Mara mbili. Akadhani dada mtu ameshamwendea. Niliporudi nilimkuta mume wangu chini kando ya kitanda, ameshapoa, na wifi bado anapanguza sahani. Nilimuuliza, "Hakukuita?" Akanitazama usoni akasema, "Hakuniita."

Asubuhi ile ndugu hao wawili, watu wazima, walikuwa wamegombana kwa ajili ya pampu ya trela. Wifi alimwambia mdogo wake kwamba amenunua takataka, naye akamjibu aache kugusa vitu vya watu. Walikuwa hawasemezani. Kwa hiyo mimi nilielewa hivi: alisikia, akanuna, akaendelea na vyombo vyake, kisha akanidanganya mchana kweupe. Sijamwambia kwamba fundi viatu alisikia. Nimekaa nalo kifuani mwaka mzima, na sasa anakuja kunywa chai yangu miezi miwili.

Jumatano, 6 Machi

Leo kaikagua pampu. Nilisimama mlangoni mwa trela kama mteja anayesubiri nguo yake.

Wifi hatumii vipimo. Ana kifimbo cha mbao ngumu, urefu wa mkono, kimeng'aa kwa kushikwa. Ncha moja anaiweka juu ya pampu, nyingine anaibana kwenye mfupa mbele ya sikio, anafumba macho. Anasema kituoni ndivyo walivyofundishwa wote, na kwamba aliwahi kugundua beringi iliyoanza kufa wiki tatu kabla mitambo haijaonyesha chochote.

Akafungua bomba la sinki. Pampu ikanguruma, maji yakatoka yakikohoa, yakatema, yakakatika, yakatoka tena. Akafunga bomba. Pampu ikaendelea kunguruma badala ya kunyamaza.

"Nyamaza kidogo, wifi," akaniambia. "Unapumua kwa kelele."

"Nisipumue?"

"Pumua nje."

Baadaye akanieleza, kwa ule utulivu wake wa mwalimu mkuu. "Pampu nzima ina sauti mbili. Moja nene, hiyo ni mota. Moja nyembamba, tiki tiki tiki, hizo ni vali zinafunga. Hii ina nene tu. Vali zimekufa. Tunabadilisha."

Mimi nilisikia kitu kingine. Chini ya kiti, upande wa tangi, kulikuwa na mluzi mwembamba, wa mtu anayevuta hewa kwa meno. Nilitaka kumuuliza ni nini. Halafu nikasema moyoni, mtaalamu ni yeye, mimi ni fundi cherehani. Sitajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hapa: roho mbaya ilikuwemo. Nilitaka kumwona akihangaika.

Jumamosi, 9 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji ni binti mpole, sauti yake ya chini utadhani yuko hospitali. Alituuliza maswali ya maana: tangi ni lita ngapi, mabomba mangapi yatafunguliwa kwa wakati mmoja, betri ya volti ngapi.

"Tangi lita ngapi, mama?"

"Kumi na mbili," akajibu wifi.

"Lita kumi na mbili tu?"

"Volti! Betri ya volti kumi na mbili, binti, tangu lini trela likawa na nyingine?"

Binti akanitazama. Nikamwambia mimi: lita sitini, bomba la sinki na la kuogea. Akashauri pampu ndogo, ya lita saba kwa dakika, yenye swichi ya presha inayoikata bomba likifungwa. Wifi hakumngoja amalize. Alinyoosha kidole kwenye ile kubwa kuliko zote rafuni.

"Mimi nimeendesha pampu zinazonywesha mji mzima," akasema. "Hizo ndogo ni za kuchezea watoto."

Kiburi kinanuka kuliko jasho. Njia nzima nilitembea hatua mbili mbele yake.

Jumanne, 12 Machi

Pampu ya pili imefungwa. Ilipowashwa, mpira wa maji ulichomoka kwenye kiungo cha sinki ukamchapa wifi shavuni, godoro likalowa, mimi nikalowa, daftari lilinusurika kwa kuwa lilikuwa kwapani. Wifi aliangua kicheko, na mimi kilinitoka kabla sijakizuia. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha nikakumbuka ninamshika nani, nikamwachia, nikasema naenda kubadili nguo.

Alirudisha mpira, akaukaza. Maji bado yanakohoa, pampu bado hainyamazi. Mluzi upo.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Sare za shule, vifungo arobaini na vinane. Hakuna jingine.

Jumamosi, 23 Machi

Nilimwomba wifi aniangalizie birika. Ni lile la filimbi. Nikiwa kwenye cherehani nikalisikia linapiga kelele, likapiga, likapiga, nikasema sasa atanyanyuka. Nilipokwenda mwenyewe, maji yamekauka, birika limeanza kubadilika rangi, na yeye ameketi hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti kwa raha zake.

"Wifi, birika!"

"Ala! Limechemka tayari?"

Nililichukua, nikamgeuzia kisogo, nikasema kwa sauti ya chini neno ambalo sitaliandika humu. Hakujibu. Nikajua amesikia na amenuna, maana kununa ndiyo kazi yake nyingine.

Jumapili, 31 Machi

Tulikuwa tunakunja mashuka. Ghafla tu, bila kuulizwa, akasema, "Mdogo wangu alikuwa na kiburi, wifi. Wewe ulikuwa mkewe, unajua. Hatua kumi, na hakuniita."

Shuka lilikuwa kati yetu, kila mtu kashika ncha zake mbili. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kuendelea kukunja. Mtu anadanganya mara moja, unasema alibanwa. Lakini anarudi baada ya mwaka kuusifia uongo wake, tena anamtupia marehemu lawama! Tulipokutana katikati na ncha zetu, aliniangalia kana kwamba anangoja nimjibu. Nikachukua shuka nikaliweka kabatini.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumerudi dukani. Pampu ya tatu, safari hii ile ndogo ya lita saba aliyoishauri yule binti mwanzo. Wifi hakubisha, na mimi sikumcheka, ingawa nilikuwa na haki.

Imefungwa kufikia adhuhuri. Maji yanakohoa vilevile.

Wifi aliweka kifimbo chake, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mvua ikipiga bati la trela. Alipofumbua akasema, "Na hii nayo imekuja imekufa kutoka dukani. Pampu za siku hizi, sijui wanazitengeneza kwa kitu gani." Lakini hakulisema kwa ule uhakika wake. Alikaa kwenye ukingo wa godoro ameshika tama. Ni mara ya kwanza kumwona hana la kuamuru.

Jumatano, 10 Aprili

Ngoja niandike taratibu.

Mvua ilipumzika kama saa nne asubuhi. Wifi alikuwa ndani ya trela, ameinua mbao za kiti, amelala kifudifudi na kichwa karibu kabisa na tangi. Nilimpelekea chai. Nikasimama mlangoni nyuma yake.

"Wifi, chai."

Kimya. Nikasema huyu naye, mpaka chai anainunia. Pampu ilikuwa inanguruma, ule mluzi unapiga kutoka palepale chini ya pua yake, mkali kuliko siku zote. Mimi nilikuwa nausikia mlangoni. Akawa anaongea peke yake, ile tabia ya watu waliofanya kazi peke yao miaka mingi: "Huku kimya kabisa. Hakuna hewa inayoingia huku. Ingekuwepo ningeisikia."



"Wifi," nikasema, sauti ya kawaida. "Wifi." Nikapanda kidogo. "Wifi, chai imefika."

Hakugeuka. Uso wake ulikuwa shibri moja kutoka pale panapolia. Nilisogea, kivuli changu kikamwangukia mikononi, ndipo akageuka na tabasamu. "Aa, umekuja saa ngapi? Asante, wifi yangu."

Niliweka kikombe nikaondoka. Nilikwenda kukaa kwenye cherehani bila kuliwasha, na mambo yakaanza kuja moja moja. Binti wa duka na sauti yake ya chini. Birika. Simu yake inayolia mpaka inakata. Lile neno nililomtukania, namshukuru Mungu hakulisikia. Sauti nene anazipata: ngurumo ya mota, nyundo ya fundi viatu, mimi nikipayuka. Nyembamba na za chini zimemtoka. Miaka thelathini na mmoja kando ya mitambo inayotikisa sakafu. Hata mimi nisiyesoma udaktari naona hesabu hiyo.

Kwa hiyo pampu ya kwanza haikuwa mbovu. Wala ya pili. Alikuwa anatafuta sauti ambayo masikio yake hayana tena.

Halafu likaja lile la mwisho, nikashika meza. Mgonjwa wa moyo, ameishiwa pumzi, anaita kutoka chumbani. Jikoni maji yanamiminika kwenye beseni, na wifi amempa mlango mgongo. "Hakuniita." Alinitazama machoni kwa sababu alikuwa anasema anachokijua.

Mwaka mzima nimemchukia mtu kwa kosa la masikio yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Kichwa kinaniuma. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua.

Alhamisi, 18 Aprili

Wifi alikwenda sokoni. Nilichukua bisibisi na tochi nikaingia kwenye trela, nikawasha pampu, nikafuata mluzi kwa sikio mpaka nikagusa. Pale mpira unapotokea kwenye tangi, kibanio cha chuma kimelegea, na mpira wenyewe umepasuka ufa wa nusu kidole. Pampu ilikuwa inavuta maji na hewa pamoja. Nilikata ile ncha iliyochanika kwa mkasi wangu wa kazi, nikausukuma mpira mzima ndani, nikakaza kibanio hadi bisibisi ikagoma. Mluzi ukakatika.

Nusu saa. Nusu saa ya fundi cherehani, siku ya kwanza, kama ningefungua mdomo.

Wifi aliporudi akajaribu bomba kwa mazoea tu. Maji yakatoka yamenyooka. Akafunga, pampu ikanyamaza. Akafungua, akafunga, akafungua. Kisha akatoka nje kwenye matope akacheza, mwanamke wa miaka sitini na minne, mikono juu.

"Ya tatu ndiyo yenyewe! Si nilisema ilihitaji kuzoea? Wifi, si nilisema?"

"Ulisema," nikajibu kwa nguvu, nikapiga makofi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimpelekea fundi viatu kandambili ambazo hazikuwa na tatizo. Aliziangalia, akaniangalia mimi, akanisogezea kigoda.

Nikamweleza. Akasikiliza misumari ikiwa mdomoni, kisha akaitema mmoja mmoja kiganjani.

"Basi usimwambie, mama."

"Anakwenda kulinda pampu za watu. Kwa masikio hayo?"

"Ukimwambia habari ya masikio, umemwambia na ile nyingine. Yule si mjinga. Atahesabu mpaka afike siku ile. Atajua mdogo wake alimwita na yeye anaosha vyombo. Wewe utaweza kumtwisha hilo?"

Akachukua nyundo, akaiweka chini tena.

"Na mimi je?" akasema. "Mimi masikio yangu mazima. Nilisikia vizuri kabisa, nikaendelea na kisigino cha mtu."

Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye analibeba. Nikachukua kandambili zangu.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zimepungua. Mwenye kitalu alikuja kuona kama trela linaweza kuvutwa. Mtu mnene mwenye sauti ya kufukuza ndege. Wifi anamsikia bila shida. Alikagua magurudumu, akafungua bomba, akaridhika. Atalifuata Jumatatu, tarehe kumi na tatu.

Akanywa chai na kutueleza kwa nini anamtaka mtu mzoefu. Kiangazi kilichopita pampu yake kubwa ilivuta hewa siku nzima, ikaungua, na miche elfu nne ikakauka. "Pampu ikivuta hewa inapiga mluzi, si ndiyo? Vijana wangu hawakuusikia, wana muziki masikioni. Wakaniambia, mtafute Mama Pampu, yule husikia pampu ikiwaza."

Wifi akacheka, akajiweka sawa kitini. Uso ulimng'aa. Mimi nilitazama majani ya chai kwenye kikombe changu, maana nilijua siwezi tena kunyamaza na kujiita mtu mwema.

Jumatatu, 6 Mei

Nilijipanga kumwambia. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka sukari.

Jumatano, 8 Mei

Vilevile.

Ijumaa, 10 Mei

Amejua mwenyewe.

Nilikuwa napiga pasi. Akaniita kutoka nyuma ya nyumba, nikamkuta ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbele yake beseni la maji, betri, na pampu zote tatu zimepangwa juu ya gunia. Alisema alitaka kuzirudisha zile mbili mbovu dukani, akaona azijaribu kwanza, asije akaaibika mbele ya yule binti.

"Angalia," akasema.

Akaunganisha ya kwanza, ile ya mwenzangu, ile aliyoiita takataka. Ikavuta maji kutoka kwenye beseni ikayatupa kwenye ndoo, mkondo mnene ulionyooka. Ya pili, mkondo ukaruka hadi ukutani. Ya tatu, safi. Kila moja akaiwekea kifimbo, akafumba macho, akafumbua.

"Zote zinasukuma," akasema. "Na zote hazina sauti nyembamba. Hata hii ya tatu, ambayo ni nzima, inayofanya kazi trelani. Hata hii." Akaninyooshea kifimbo. "Sikiliza wewe."

Nikakiweka kama anavyofanya yeye. Tiki tiki tiki, wazi kabisa, cherehani dogo ndani ya mfupa wangu.

"Zinalia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Zote?"

"Zote."

Alichomoa waya kutoka kwenye betri, akauzungusha kidoleni polepole. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza, "Nani alikaza kibanio cha tangi? Nimekiona leo, kina mikwaruzo mipya."

"Mimi."

"Kulikuwa na mluzi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini, wifi?"

Nilikuwa nimechoka kuzunguka. Nikasema kwa sauti ya kutosha, nikimtazama, "Kwa sababu nilikuwa nakuchukia."

Alilipokea bila kushtuka. "Hilo nililiona," akasema. "Masikio ndiyo yamechoka, macho bado. Ulikuwa unanichukia kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipokimbia. Nilisema mambo ya mawifi tu, mambo ya zamani, yameisha. Baadaye, akiwa anakusanya pampu zake, akasema kana kwamba anajisemea, kwamba kituoni wote walikuwa wanajua mtu akianza kupitwa na sauti nyembamba, wanamcheka na kumwita mzee. Kwamba yeye aliwacheka wengi. Na kwamba kwake mwenyewe alidhani dunia ndiyo imeanza kusema chini chini.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi kaniwekea simu mkononi. "Piga kwa mwenye kitalu. Mimi nitasema, wewe utasikia."

Akamwambia yote, kwa kifupi, kama anayesoma taarifa ya kazi. Masikio hayapati mluzi. Kuanzia sasa, upande wa kuvutia maji ataweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, na hewa ikiingia ataiona kwa mapovu. Ataweka geji ya kupimia presha. Ataweka mkono juu ya pampu kila saa. Kama hataki, aseme leo, trela lisivutwe bure.

Ikaja ile sauti ya kufukuza ndege, hata simu ikatetemeka: "Mimi sitafuti mwimbaji wa kwaya! Mapovu atayaona?"

"Atayaona," nikasema.

"Basi Jumatatu."

Nilipomweleza, wifi aliinamisha kichwa, akakunja leso yake mara nne. Kisha tukatoka kwenda dukani kununua mpira unaoonyesha ndani, na safari hii alimwambia yule binti waziwazi, "Paza sauti, mwanangu, sisikii vizuri." Tulitembea sambamba kurudi.

Jumapili, 12 Mei

Kesho anaondoka. Mvua leo ni manyunyu tu, ya kuaga.

Alasiri tulikuwa tunapakia trela. Mashuka, sufuria mbili, pampu mbili za akiba zimefungwa kwenye gunia. Wifi alisimama kwenye sinki anasuuza vikombe, maji yanatoka vizuri, mgongo wake kwangu. Upande wa pili wa ukuta fundi viatu anagonga soli.

Bila kugeuka akasema, "Wifi. Siku ile. Mdogo wangu aliniita?"

Nilikuwa nakunja blanketi.

"Alikuita," nikasema. Ilitoka chini sana, karibu pumzi tu.

Hakugeuka. Vikombe viliendelea kugongana sinkini. Hakusikia. Nilielewa kwamba nimepewa nafasi ya pili, na kwamba hakuna atakayejua. Ningeweza kusema hapana, kwa sauti kubwa, naye angekwenda kitaluni mwepesi. Mwaka mzima nilitamani kumchoma na neno hilo, na sasa nilikuwa tayari kulimeza lote peke yangu asiliguse.

Alifunga bomba. Pampu ikanyamaza. Akageuka, mikono inachuruzika maji.

"Sijakusikia. Nimekuuliza jambo, usinionee huruma. Nimehesabu tangu juzi. Aliniita?"

Nilimsogelea nikasimama mbele ya uso wake. Jambo kama hili mtu hulinong'ona. Mimi ilibidi nilipigie kelele.

"Alikuita, wifi! Alikuita mara mbili!"

Nyundo upande wa pili ilisimama.

Wifi alishika ukingo wa sinki. Nilinyoosha mikono nimdake akianguka. Hakuanguka.

"Mara mbili?"

"Mara mbili! Fundi alisikia!"

"Kumbe aliniita," akasema. "Wifi, kumbe aliniita." Machozi yalikuwa yanamwagika wazi na hakuyafuta. "Mwaka mzima nalala na neno moja. Kwamba tuligombana asubuhi kwa kitu cha kijinga, kwa pampu, na yeye akaona bora afe kuliko kuniita. Nilimbeba mgongoni yule. Nilimfundisha kutembea. Nikasema, kumbe alinichukia kiasi hicho."

Mimi nilikuwa nimejipanga kwa kilio chochote isipokuwa hicho.

"Alisemaje?" akauliza. "Fundi alisikia anasemaje?"

"Dada! Alisema, Dada!"

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu!"

Akageuka polepole, akaniwekea mgongo, akashika sinki kwa mikono miwili.

"Niite," akasema. "Niite kama yeye. Kwa nguvu, nisikie."

Sikuwahi kumwita hivyo maishani. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikaita kwa sauti yangu yote, "Dada! Dada!"

"Abee," akaitika wifi. "Abee, mdogo wangu. Nakuja."